Kioo, plastiki, kifuu au karatasi: uchague shanga zipi ukiwa Bagamoyo?

Mtu akiamua kuanza kazi ya mapambo ya shanga, kitu cha kwanza anachochagua ni rangi. Anasimama mbele ya vipakiti dukani, macho yanamzunguka, anatoka na bluu, nyekundu na dhahabu, kisha akifika nyumbani ndipo anajiuliza atatunga nini na kwa uzi gani. Mimi naona amelishika jambo kwa mkiani. Pambo la shanga ni nadra kuharibika kwa sababu rangi zake hazikupatana. Linaharibika kwa kukatika, kushika kutu, kuchujuka au kuoza. Hapa Bagamoyo upepo wa chumvi unaingia mpaka kabatini, na jua la saa nne asubuhi limekwisha mtoa mtu jasho. Kwa hiyo maswali ya kwanza ni mawili: pambo hili litakaa wapi, na litashikwa na nini? Ushanga wenyewe unafuata baadaye.

Ndiyo maana ulinganisho huu nauanzia kwenye uzi, hata kama uzi hauonekani kwenye picha.

Mshipi, nailoni, lastiki, waya

Bagamoyo huwezi kukosa mshipi, ule uzi wa kuvulia samaki. Shuka soko la samaki au pita kwenye maduka ya zana za uvuvi, utapata wa kila unene, na bei yake haimtishi mtu. Sifa zake ni za kweli. Ni mkavu kiasi, kwa hiyo unapenya tundu la ushanga bila sindano. Hauozi kwa jasho. Wa unene wa milimita 0.25 au 0.30 utapita mara mbili, hata tatu, kwenye ushanga mdogo. Wengi wanaojifunza huanza nao kwa sababu hizo.

Kasoro yake unaiona siku ya kuvaa. Mshipi uliokaa umezungushwa dukani haunyooki wote, hivyo mkufu unaotakiwa kulala kifuani unajinyanyua nyanyua. Fundo lake linateleza usipolizungusha mara mbili na kuliwekea tone la gundi. Tena jua ni adui yake: mshipi uliopigwa jua muda mrefu hukauka na kukatika ghafla bila kutoa dalili, na hilo mvuvi yeyote atakusimulia. Kwa pambo la kuning'inia ndani ya nyumba, au kishikio cha funguo, mshipi unatosha kabisa. Kwa mkufu wa kuvaa, au kitu cha kuning'inizwa barazani penye jua, nautoa.

Uzi wa nailoni uliosokotwa ni ndugu wa ule wa mafundi viatu, ila tafuta ulio mwembamba zaidi. Huu ni laini, unafuata mwili, fundo lake linang'ang'ania, na ncha yake unaiyeyusha kidogo kwa kiberiti cha gesi isichambuke. Utahitaji sindano nyembamba ya shanga. Ukiikosa, paka rangi ya kucha kwenye ncha ya uzi, urefu wa vidole viwili, iache ikauke, na ncha hiyo itakuwa sindano yako. Nailoni inavutika kidogo baada ya kutungwa, ndiyo maana utaona mkufu uliokuwa umebana vizuri umeachia nafasi kati ya shanga na uzi unachungulia. Dawa yake ni kuuvuta uzi kwa mikono miwili kabla hujaanza, kisha kuupitisha kwenye nta ya nyuki mara mbili tatu. Nta inaupa uzi ulaini wa kupenya na kuupunguzia kusuguliwa.

Uzi wa pamba sitaupigia debe. Ni mzuri mkononi, lakini jasho na maji ya kuoga vinauozesha.

Sasa lastiki. Ukiniuliza kwa moyo mmoja, siipendi. Inachoka, inalegea, na ushanga wa kioo wenye ukingo mkali unaikata. Lakini maneno haya hayana nguvu mbele ya mnunuzi.

"Shikamoo mama. Ile bangili ya kuvuta unayo?"

"Marahaba mwanangu. Ninayo, ila ukitaka ya kudumu chukua hii ya kifungo."

"Hiyo ya kifungo nitaifungaje peke yangu kwa mkono mmoja?"

Hapo hana kosa. Lastiki inauzika kwa sababu inaingia mkono wowote, haihitaji kifungo cha chuma ambacho hewa ya bahari itakila, na mgeni anayemnunulia zawadi mtu aliye mbali hana haja ya kujua kipimo. Basi ukiitumia, itumie kwa heshima zake. Chagua shanga kubwa zenye tundu laini, za mbao, kifuu au plastiki. Ivute mara kadhaa kabla ya kutunga. Kwenye fundo, pitisha ncha mara mbili ndani ya kitanzi kabla ya kukaza, kisha ulifiche fundo ndani ya ushanga mmoja wenye tundu pana. Na umwambie mnunuzi aivingirishe kutoka kwenye vidole, asiinyofoe kwa kuivuta.

Waya ni habari nyingine, kwa sababu ndiyo peke yake inayosimama. Maua ya shanga ya meza ya harusi, vipepeo vya ukutani, taji la bibi harusi, vyote vinahitaji waya. Ule wa chuma cha kawaida usiuguse ukiwa pwani: kutu itaanza kwenye tundu la ushanga ambako huwezi kuisugua, na ushanga mweupe utapata doa la kahawia lisilotoka. Waya wa shaba haupati kutu hiyo, lakini kwa chumvi na jasho unatoa ukungu wa kijani unaopaka ngozi. Kwa maua yanayokaa sebuleni shaba ni sawa. Kwa hereni, nunua ndoano za chuma kisichoshika kutu, zisizo na madini ya nikeli ikiwezekana, maana nikeli ndiyo inayowawasha watu wengi masikio halafu lawama zinaangukia shanga.

Mpaka hapo ushaona kwamba ushindani wa kweli, kwa mtu anayeanza, ni kati ya nailoni na lastiki. Nailoni ishinde kwa kitu chochote utakachotia jina lako. Lastiki iwe ya bidhaa ndogo za kuuza haraka.

Kioo na plastiki

Dukani zimewekwa bega kwa bega na kwa macho ni vigumu kuzitofautisha. Weka ushanga shavuni: kioo ni baridi, plastiki haina baridi hiyo. Tikisa kiganjani usikie mlio. Ukibaki na shaka, na ushanga ni wako, pasha sindano moto uiguse: plastiki itayeyuka, kioo hakitafanya lolote. Njia nyingine ni uzito. Kioo kina uzito wa karibu mara mbili ya plastiki ya ukubwa uleule.

Uzito huo ndio unaoamua mambo mengi. Pazia la shanga la mlangoni, lenye nyuzi ndefu zinazogusa karibu sakafu, likitungwa kwa kioo linakuwa mzigo: linavuta misumari, linagonga watoto usoni, na uzi wa juu kabisa unabeba kilo nzima za kazi yako. Hapo plastiki ni bora, na anayesema plastiki ni takataka siku zote hajawahi kutundika pazia. Vivyo hivyo hereni kubwa za kuning'inia: kioo kizito kinapanua tundu la sikio. Na kwa watoto wadogo shuleni au madrasa, plastiki kubwa zenye matundu mapana zinawafaa vidole vyao, alimradi awepo mtu mzima wa kuangalia wasizitie mdomoni wala puani.

Lakini kwa chochote kinachovaliwa na kugusa ngozi, nenda kwenye kioo. Ushanga mzuri wa kioo hutengenezwa kwa kuvuta kioo cha moto kikawa mrija mrefu mwembamba, mrija ukakatwa vipandevipande, kisha vipande vikapashwa tena mpaka kingo zikaviringika. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayotenganisha bei. Katika shanga za bei ya chini kingo hazikuviringishwa vya kutosha, unene haulingani, na katika kila kiganja utakuta zilizo nyembamba, zilizoziba na zenye meno. Meno hayo ndiyo yanayokata uzi. Shanga za Jamhuri ya Czech, hasa za eneo la Jablonec nad Nisou, zina sifa ya siku nyingi Afrika Mashariki na ndizo wanazozipenda kina mama wengi wa Kimasai. Za Japani, kama Miyuki na Toho, zinalingana mno kiasi kwamba mchoro wa kufuma unatoka umenyooka, lakini bei yake ni juu na kuzipata hapa ni kuagiza. Za China zipo za kila daraja, kwa hiyo jina la nchi halitakusaidia; mwaga kidogo kwenye kitambaa uziangalie.

Anayeanza asiingie gharama ya za Japani. Anunue za bei ya kati, na akubali kwamba atatupa baadhi. Kuchambua shanga kabla ya kutunga ni sehemu ya kazi, kama kuchambua mchele.

Kuhusu kuchujuka: rangi iliyo ndani ya kioo chenyewe haiendi popote. Inayochujuka ni ile iliyopakwa juu, au iliyopakwa ndani ya tundu huku kioo kikiwa cheupe. Pinki kali na zambarau ndizo za kutiliwa shaka kwanza, kwa sababu ni rangi ngumu kuzipata ndani ya kioo, na watengenezaji wengi huzipaka. Zinazometa dhahabu na fedha nazo mara nyingi ni ngozi tu, ya juu au ya ndani ya tundu. Jaribu punje mbili tatu kwenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, nyingine ziache dirishani juani kwa wiki kadhaa huku wenzake wakiwa kabatini, kisha uzilinganishe. Lulu bandia za plastiki hazihitaji hata jaribio hilo: manukato na jasho vitazichuna ngozi, zibaki na mabaka. Zishone kwenye mkoba au kwenye mtandio wa sherehe, usizifanye kidani.

Kuna pambo moja ambalo linadai kioo bila mjadala, nalo ni shanga za kiunoni, utunda. Mwenye nazo anaoga nazo, analala nazo, anapaka mafuta juu yake, anatoka nazo jasho. Plastiki itachujuka, kifungo cha chuma kitawasha, lastiki italegea. Kioo laini cha mviringo, uzi wa nailoni, fundo bila kifungo. Bibi zetu walilijua hilo zamani na sioni cha kuongeza.

Namba ya ushanga, na hesabu ya jioni zako

Shanga ndogo za kioo huuzwa kwa namba, na namba inakwenda kinyume: ikiwa kubwa, ushanga ni mdogo. Namba 6 ina upana wa kama milimita 4, namba 8 kama milimita 3, namba 11 kama milimita 2, na namba 15 kama milimita 1.5. Namba 15 iache kwa wenye macho ya ujana na taa nzuri. Ushindani uko kati ya 8 na 11.

Chukua bangili ya kufuma yenye urefu wa sentimita 17 na upana wa sentimita 2. Kwa namba 11, mstari mmoja wa urefu unakula kama punje 120 (ushanga ni mfupi upande wa tundu kuliko upana wake), na utahitaji mistari 10, yaani punje 1,200 hivi. Gramu moja ya namba 11 ina kama punje 110, kwa hiyo bangili nzima ni gramu 11. Sasa fuma ileile kwa namba 8. Mstari unakula punje 77 hivi, mistari saba inatosha, jumla kama 540. Gramu moja ya namba 8 ina karibu punje 38, kwa hiyo bangili itakula gramu 14.

Angalia kilichotokea. Uzito wa shanga ni karibu uleule, na kwa hiyo gharama ya shanga haitofautiani sana, lakini punje za kuokota kwa sindano zimepungua zaidi ya nusu. Kwa anayeuza bangili ufukweni kwa bei isiyobadilika, namba 8 inampa bangili mbili kwa muda wa moja. Namba 11 inajilipa pale tu mchoro unapohitaji udogo: jina la mtu, maua yenye majani, ua la kanga lililopunguzwa likaingia kwenye kipande cha vidole vitatu. Mteja anayetaka jina lake kwenye bangili yuko tayari kulipia macho yako. Anayetaka mistari ya rangi tatu hayuko tayari, na namba 8 itamridhisha.

Tundu la namba 11 lina upana usiofika milimita moja. Ukiwa na uzi mnene, kwa raundi ya pili utakwama, na ukilazimisha ushanga utapasuka katikati ya kazi. Hapo ndipo uzi na ushanga vinapokutana, na ndiyo sababu nyingine ya kununua uzi kwanza.

Vya hapahapa: kifuu, mbao, mbegu

Nchi ya minazi haina sababu ya kuagiza kila kitu. Kifuu kikikauka ni kigumu, kina rangi ya kahawia inayozidi kung'aa kwa kuguswa, na ni chepesi. Unakikata vipande kwa msumeno mdogo, unatoboa kwa drili kabla ya kuvipa umbo la mwisho (ukitoboa baadaye vinapasuka), unapiga msasa kutoka mkali hadi laini, unamalizia kwa mafuta ya nazi. Vumbi lake linakera kifua, kwa hiyo fanya nje na ufunge pua. Gharama ya mali ni karibu bure. Gharama ya kazi ni kubwa, na hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu: ushanga mmoja wa kifuu unaweza kukupotezea muda wa kutunga mstari mzima wa kioo. Kwa hiyo kifuu hakifai kuwa mwili wa mkufu. Kiwe kipande cha katikati, au vipande vichache vilivyotengwa na shanga za kioo, na mkufu utaonekana wa pwani bila kukumaliza.

Mpingo ni mzuri kuliko vyote kwa jicho langu. Ni mweusi, mzito kiasi cha kuzama majini, na hauhitaji rangi. Mabaki yake unaweza kuyapata kwa wachonga vinyago, vipande ambavyo wao hawana haja navyo. Mbao nyeupe laini zilizopakwa rangi ziangalie vizuri: wadudu wanaotoboa mbao huzipenda, na rangi zikilowa jasho zinahamia kwenye kola ya shati.

Mbegu zina uzuri wake na zina hatari. Komwe, zilezile za kijivu zinazochezewa bao, ni ngumu kama kokoto na zinapendeza kwenye mkufu wa kiume. Kuzitoboa kunataka drili kali na uvumilivu. Turituri ni jambo jingine. Ni vile vimbegu vyekundu vyenye doa jeusi, na kwa macho hakuna mbegu nzuri kuzishinda, lakini ndani yake kuna abrini, sumu kali mno. Ganda likiwa zima, sumu imefungwa. Wewe kwa kuzitoboa unaifungulia, na vumbi lake unalivuta pua na mdomo. Mkufu huo ukikatika mbele ya mtoto anayetafuna kila kitu, hakuna wa kulaumiwa ila aliyeutunga. Nyekundu na nyeusi zipo za kioo. Tumia hizo.

Na usishawishike na magamba ya kasa aitwaye ng'amba, pembe za ndovu wala vipande vya matumbawe, hata ukiambiwa vimeokotwa. Biashara ya kimataifa ya ng'amba na pembe imezuiwa kwa CITES, mkataba wa mataifa wa kulinda viumbe vilivyo hatarini, na matumbawe magumu nayo yamo kwenye orodha zake. Utakayemuuzia anaweza kukwama navyo uwanja wa ndege, na swali la kwanza atakaloulizwa ni alikonunua.

Karatasi

Kalenda za mwaka uliopita zinakatwa pembetatu ndefu, zinaviringishwa kwenye kijiti kuanzia upande mpana, zinagandishwa kwa gundi, zinapakwa vanishi. Wenzetu wa Uganda wamezifikisha mbali. Mali ni ya bure, kazi ni nyepesi, watoto wanaipenda. Shida ni unyevu wetu wa masika: karatasi isiyopakwa vanishi mara tatu hivi, mpaka ndani ya tundu, inavimba na kunuka ukungu. Kwa pwani ningezitumia kwenye pazia la ndani na mikufu ya kuuza msimu wa kiangazi, basi.

Kutunga, kufuma au kushona

Kutunga uzi mmoja unajifunza leo na unauza kesho, lakini kila mtu anatunga, kwa hiyo bei inashuka. Kufuma kwenye fremu kunadai siku kadhaa za kuzoea, kisha kunakupa mikanda, bangili pana na vipande vya kushonea juu ya kitu kingine. Fremu yenyewe ni ubao na misumari midogo pande mbili. Fundi seremala yeyote atakupigia.

Kushona ndiko ninakokupigia debe. Shanga juu ya makubazi ya ngozi, juu ya mkoba wa ukili, pembeni ya kawa ya kufunikia sinia: hapo hujauza shanga, umeuza kitu ambacho mtu anakihitaji hata kama hakina shanga. Ukili tayari unasukwa na kina mama wa pwani, ngozi inakatwa na mafundi waliopo, wewe unaongeza kazi ya jioni moja na bei inapanda. Kwa makubazi, shona shanga kwenye ukanda wa juu kabla fundi hajaupachika kwenye soli, na ulaze kipande cha ngozi laini kwa ndani ili mafundo yasimchubue mvaaji. Tumia kioo namba 8. Plastiki inapasuka mtu anapokunja mguu kuswali au kupanda bodaboda. Kwa mkoba wa ukili, uzi upite kwenye suka zima wala usipite kwenye uchane mmoja, maana uchane utachanika na shanga kuondoka nao.

Nani atanunua

Mwaka 1871 Stanley alipojiandaa kutoka Bagamoyo kwenda bara kumtafuta Livingstone, shanga zilikuwa fedha, na kuzichagua kulimsumbua kweli. Unyamwezi walitaka nyekundu zilizoitwa samesame. Nyeusi zilipokelewa Ugogo na hazikuwa na thamani kwingine. Nyeupe zilikubalika Ufipa na zilidharauliwa Ukonongo. Akanunua magunia 22 ya aina 11 ili asikwame. Aliyebeba rangi isiyotakiwa alikuwa amebeba mzigo wa kokoto mpaka Ujiji.

Habari haijabadilika sana, ila wapagazi hawapo. Anayezunguka Mji Mkongwe na magofu ya Kaole, au aliyekuja kwa tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, anatafuta kitu cha kukumbuka mahali hapa, chepesi, kisichovunjika ndani ya begi. Kwake rangi za udongo, kifuu na mpingo zinakwenda. Bi harusi wa Magomeni au mama anayejiandaa kwa sherehe ya kumtoa mwali hataki kahawia. Anataka rangi ya kitambaa chake, na anataka imetamete chini ya taa za ukumbi. Ukimpelekea kifuu atakuuliza kama biashara imekushinda.

Kuhusu ile mikufu mipana ya duara ya Kimasai, maoni yangu ni kwamba uwaachie wenyewe. Kina mama wa Kimasai wanauza hapahapa mjini, mpangilio wa rangi zao una utaratibu wanaoujua, mikono yao ina kasi ambayo hutaifikia, na mgeni akitaka kitu cha Kimasai anapenda akinunue kwao. Nunua kwao shanga, jifunze kwao jinsi ya kubana mstari, lipia mafunzo hayo. Kisha ukashone makubazi.

Kununua hapa au Kariakoo

Kwa kipakiti kimoja cha kujaribu, nunua mjini hapa hata kama bei imepanda kidogo. Nauli ya kwenda Dar es Salaam, kilomita zipatazo 70, itakula nafuu yote. Ukishakuwa na oda, Kariakoo ndiko kwenye rangi nyingi na bei ya jumla. Nenda na sampuli mkononi, usitegemee picha ya simu, kwa sababu simu inadanganya bluu na kijani. Dai mfuko ufunguliwe uone za katikati, zile za juu zimechaguliwa. Na piga hesabu ya gramu za oda nzima kabla hujapanda basi, uongeze kidogo za kutupwa, uzinunue zote siku hiyohiyo katika mzigo mmoja: nyekundu ya mzigo unaofuata haitafanana na hii, na tofauti hiyo utaiona ukiwa umefika katikati ya mkanda.